Mia Nne ya Kusalimia Hela

Cherehani ya Esteri ilitoka nyumbani kwake Kumsenga siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, kichwani kwa mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana. Chini ya sindano bado kulikuwa na sketi ya shule ya mtoto wa watu, imeshonwa upande mmoja. Mwenyekiti, mzee Niyomwungere, ni mtu wa kanisa na hakutaka ionekane anapora. Kwa hiyo alisalimia kwanza. Alipiga makofi taratibu, yale ya salamu zetu za huku, akauliza habari za watoto, za mbuzi, za mihogo, za goti la Makarius mume wa Esteri, akaitikiwa zote, ndipo akasema kilichomleta.

"Jumapili kuna mkutano, Mama Nestori. Ukija na hela ya kikundi, cherehani inarudi. Usipokuja nayo, tunaiuza."

"Hela ipi, mwenyekiti? Mimi nimeila lini?"

"Laki mbili na themanini na sita elfu na mia nne. Daftari lako mwenyewe linasema ipo. Benki wanasema haipo. Sasa iko wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Ijumaa iliyopita mama mkwe wa mwanakikundi mmoja alikuwa amefariki, na watia saini watatu, yaani Niyomwungere, Esteri aliye mhazini, na katibu wao Winifrida, wakapanda bodaboda kwenda benki Kibondo mjini kutoa hela ya jeneza. Dada wa dirishani akaangalia kompyuta, akawaangalia wao, akarudi kwenye kompyuta. Akasema akaunti haina kitu, tena kikundi kinadaiwa na benki elfu themanini na mia sita. Bibi wa watu akazikwa kwa jeneza la mkopo. Fundi wa jeneza alikuja mpaka makaburini, akasimama nyuma kabisa na kofia mkononi, akikagua nani ni nani ili ajue wa kumdai.

Sasa mwizi akatafutwa, na mwizi hutafutwa kwenye nyumba yenye kitu kipya. Esteri alikuwa na cherehani mpya. Aliinunua kwa maharage ya mwaka ule, gunia kwa gunia, na kijiji kizima kiliona magunia yanapakiwa kwenye lori. Lakini maharage yalishaliwa huko yalikokwenda, na cherehani ilikuwa inaonekana.

Wanakikundi wawili wakabeba miguu ya chuma ya cherehani, wakamfuata mwenyekiti. Makarius alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni muda wote, akisugua goti lake. Walipopotea kwenye migomba akakohoa.

"Mama Nestori, mimi si adui yako."

"Nimekuambia wewe ni adui?"

"Nasema tu. Kama uliazima kidogo, ukakusudia kurudisha, si uniambie mimi? Tungeuza mbuzi mmoja."

Esteri alimwangalia huyu mwanaume aliyezaa naye watoto watano. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamkamata jogoo wa Makarius, yule mwekundu aliyekuwa akimsifia kwa wageni, akampeleka sokoni akiwa amemning'iniza miguu juu, akamuuza. Ndiyo ikawa nauli.

Hiyo akaunti ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu waliutunga wenyewe, na waliusifia sana. Kutoa hela ilikuwa lazima watu watatu wafike benki na vitambulisho na picha zao, watie saini mbele ya macho ya watu. Kuweka hela ilikuwa mara moja kwa mwaka, maharage yakiuzwa. Na kuilinda ilikuwa kazi ya simu.

Simu yenyewe ilikuwa ya vitufe, ya kikundi, isiyofanya kazi nyingine yoyote zaidi ya kuuliza salio benki. Ililala wiki moja katika kila nyumba, nyumba kumi na saba, kwa zamu. Mhazini hakuruhusiwa kuigusa hata kidogo, asije akapata mawazo mabaya. Hata zamu ilipofika kwa Esteri, simu ilitundikwa kwenye mfuko wa kitambaa darini na ikawa ya Makarius. Na kwa kuwa ni mgeni aliyelala kwako, na mgeni hulali naye bila salamu, kila nyumba ilikuwa inaisalimia hela asubuhi na jioni. Mtu anabonyeza namba, anangoja, simu inalia ti-ti, ujumbe unaingia. "Imeitika," wanasema, basi watu wanaendelea na kazi zao. Wengine hawakusoma hata ile tarakimu. Hela imeitika, mzima huyo, kuna nini tena?

Benki ya Kibondo walimwambia Esteri faili la kikundi liko Kasulu, kwa kuwa akaunti ilifunguliwa huko, na faili halisafiri. Esteri akasafiri yeye. Alhamisi saa tatu kasoro alikuwa mlangoni pa benki Kasulu, na mfuko wa nailoni kifuani wenye daftari la mhazini na kila karatasi aliyowahi kupewa na serikali.

Mlinzi alimsimamisha, akamwandikisha jina kwenye kitabu cha wageni. "Mama, wewe ni wa kambi ya wakimbizi?"

"Nimezaliwa Tanzania, mwanangu. Kumsenga."

"Lakini jina hili ni la Burundi."

"Jina ndiyo limetoka Burundi. Mimi nimetoka Kumsenga, na nimeamka saa kumi." Akamtolea kitambulisho cha taifa, akamtolea cheti cha uraia cha baba yake, akaanza kumtolea kadi ya kliniki ya Nestori aliyeko sasa kidato cha tatu. Mlinzi akasema inatosha, inatosha, pita.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, na ukutani picha kubwa ya watu wenye meno meupe wanaozichekea simu zao. DARAJA, USIKWAME! iliandikwa hapo. Esteri aliinama kidogo, akaipigia foleni nzima makofi ya salamu. "Mwakeye!" Akina mama watatu wakaitika vizuri kwa makofi. Mwanaume mmoja mwenye tai akaangalia dari.

Dada wa huduma kwa wateja aliitwa Yasmini, mtoto wa muuza vitenge wa hapo hapo Kasulu, mwenye kilemba cha zambarau na kucha safi. Alichukua namba ya akaunti, akabonyeza, akasogea karibu na kioo cha kompyuta yake kama mtu anayechungulia chunguni.

"Mama," alisema, "nyie mnafanya biashara gani?"

"Tunazikana."

"Mbona mmeangalia salio mara mia saba na themanini tangu mwezi wa tano?"

"Mara ngapi?"

"Mia saba na themanini. Na kuangalia salio ni shilingi mia nne kila mara."

Esteri akauliza kwa upole sana, "Nani alituambia?"

"Ipo kwenye orodha ya makato, mama. Pale ukutani."

Palikuwa na karatasi ukutani, kweli. Ilikuwa ndogo, ya maandishi ya kuonwa na sisimizi, na mbele yake waliweka chungu cha maua ya plastiki. Esteri akaenda, akasogeza maua, akasoma. Mia nne. Akarudisha maua mahali pake, akarudi kukaa.

"Na hilo deni? Tumekopa saa ngapi?"

Yasmini alishusha sauti. "Tarehe mbili mwezi wa tisa salio liliisha kabisa. Mtu akauliza salio tena. Sasa hela ya kukatwa haipo, kwa hiyo simu ikamletea Daraja. Inasema salio halitoshi, bonyeza moja tukuvushe. Akabonyeza moja. Hapo benki ikamkopesha mia nne aone salio."

"Salio ambalo halipo."

"Ndiyo."

"Benki imetukopesha hela ya kuangalia kwamba hatuna hela."

"Ndiyo, mama. Kujiunga ni elfu tano, na elfu mbili kila siku mpaka mlipe. Na mkaendelea kuangalia."

Esteri alicheka. Alianza kidogo, akajizuia, ikamshinda, akacheka mpaka mlinzi akaingiza kichwa. Alicheka hadi machozi, kisha machozi yakabaki peke yake bila kicheko, akayafuta kwa pindo la kitenge.

"Nichapie hiyo karatasi. Nataka kila mstari."

"Stetimenti ni elfu moja kwa ukurasa, mama. Hii ni kurasa ishirini na sita."

Esteri alikuwa na elfu tisa, na nane ilikuwa nauli ya kurudi. Alifungua daftari la mhazini, akatoa kalamu sikioni.

"Basi geuza hiyo televisheni yako huku. Nitanakili."

"Mama, ni mistari mia saba na..."

"Mimi ni fundi nguo. Nimezoea kazi ndefu."

Yasmini aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akageuza kioo.

Saa tatu na nusu, Esteri akaanza. Tarehe, saa, mia nne. Tarehe, saa, mia nne. Kwenye jalada la nyuma la daftari alikuwa na orodha ya zamu za simu, kwa hiyo alijua wiki ipi ilikuwa nyumba ya nani, akawa anaandika jina juu ya kila fungu. Nyumba ya kwanza ilisalimia mara kumi na nne kwa wiki, asubuhi na jioni, salamu za adabu. Ya pili vilevile. Ya tatu mara ishirini. Hapo ndipo alipoanza kuona.

Mwenye nyumba ya tatu alikuwa anajua kusoma. Aliona hela imepungua kidogo, akanyamaza kwa mhazini, akamnong'oneza jirani. Jirani zamu ilipomfikia akaangalia mara nne kwa siku ili amshike mwizi, na hela ikazidi kupungua, naye akapeleka habari kwa mwingine. Kufika mwezi wa saba nyumba ziliangalia mara sita, mara nane kwa siku. Nyumba ya Niyomwungere ilikuwa na mara themanini na tisa kwa wiki moja. Jumamosi moja peke yake aliangalia mara thelathini na moja, kuanzia alfajiri hadi ibada ya jioni, na kila alipoangalia alikuta mwizi amepita tena. Esteri akakumbuka ile Jumamosi. Mzee alimpita njiani bila salamu, na yeye akadhani goti linamuuma na yeye.

Akaendelea. Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni, na mwenye tai alikuwa anapumua kwa sauti. Saa sita Esteri akafika nyumba ya kumi na saba, akaandika jina juu ya fungu: kwangu. Mara arobaini na tatu.

Kalamu ikasimama. Yeye hakuwahi kuigusa ile simu. Alipitisha kidole kwenye saa moja baada ya nyingine. Jumapili saa nne, wakati yeye yuko kwaya. Jumatatu saa nane, yuko mtoni. Jumanne tarehe mbili, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, alikuwa jikoni anamkorogea mtu uji. Na mtu huyo alikuwa chini ya dari, amebonyeza moja.

"Mama, unajisikia vizuri?" aliuliza Yasmini.

"Nipo. Endelea kushusha."

Meneja alitoka ofisini kwake saa saba. Aliitwa Bwana Khatibu, mtu wa Tanga, mwenye Kiswahili cha kunyoosha na shati lisilo na kunjo hata moja. Alikuwa ameambiwa kuna bibi amekalia huduma kwa wateja.

"Mama yangu, shikamoo. Tatizo letu liko wapi?"

"Marahaba. Nataka mturudishie makato yenu."

"Nimeelezwa. Ila mteja alibonyeza moja mwenyewe. Kubonyeza moja ni kukubali, mama yangu. Benki haina namna."

"Meneja, mimi nikitaka shilingi elfu moja ya kikundi hiki, inatakiwa nini?"

"Watia saini watatu."

"Na vitambulisho."

"Na vitambulisho."

"Na picha mbili mbili, na barua ya mtendaji wa kijiji. Elfu moja tu. Sasa kukopa laki, kidole kimoja kimetosha? Kidole hakina hata picha!"

Foleni ikacheka. Mama mmoja akapiga kofi. Bwana Khatibu akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa na mgeni wa heshima.

"Mfumo ndivyo ulivyo, mama yangu."

"Faili letu lipo hapa?"

"Lipo."

"Ndani kuna katiba yetu. Nyie ndio mliitaka, mkasema bila katiba hakuna akaunti. Tukaiandika siku tatu. Naomba umsomee huyu binti kifungu cha tisa."

Yasmini alishachomoka. Faili lilirudi na vumbi, akalifungua, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risala. "Kifungu cha tisa. Kikundi hakitakopa kwa mtu yeyote wala taasisi yoyote, kwa sababu marehemu halipi deni."

"Geuza ukurasa," alisema Esteri. "Huo muhuri wa buluu ni wa nani?"

Muhuri ulikuwa wa benki. Kila ukurasa ulikuwa nao, na saini, na tarehe, umegongwa hapo hapo Kasulu. Bwana Khatibu aliuangalia kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuuangalia muhuri wake mwenyewe.

"Nitaandikia makao makuu," alisema. "Ndani ya siku kumi na nne utapata majibu."

"Mimi mwisho wangu Jumapili. Jumapili wanauza cherehani yangu." Esteri alifungua ukurasa mpya. "Lakini usijali, nina mistari mingi bado. Nitanakili mpaka upate majibu. Binti, shusha."

"Meneja!" alisema mwenye tai. "Mpe mama haki yake tuondoke, jamani! Mimi nimekuja kuweka hela!"

Barua ilichapwa saa nane. Ilisema Daraja lilifunguliwa kinyume cha katiba ya mteja, kwa hiyo makato yake yote, ambayo hadi siku ile yalifika elfu tisini na mbili na mia sita, yamefutwa. Bwana Khatibu akaigonga muhuri, akampa mkono.

"Hongera, mama yangu. Salio lenu sasa ni sifuri."

"Na ile laki mbili na themanini na sita?"

"Hiyo mliangalia wenyewe."

Esteri alitaka kubisha akakuta hana pa kushika. Alimpigia Yasmini makofi ya kuaga, akatoka na sifuri yake ndani ya mfuko wa nailoni. Njiani alikunywa maji ya bomba la stendi kwa sababu elfu moja iliyobaki ilikuwa ya bodaboda.

Mkutano ulifanyika uani kwa mwenyekiti baada ya ibada. Cherehani ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitenge kama maiti, na pembeni amekaa mnunuzi kutoka mjini na hela yake shatini. Sindano ilikuwa imevunjika. Mke wa Niyomwungere alisema aliikuta hivyo, na hakuna aliyemuuliza. Makarius alikaa nyuma karibu na banda la mbuzi.

Esteri alisoma barua ya benki. Watu wakapiga makofi kwa deni kufutwa.

"Na hela yetu?" aliuliza Niyomwungere.

"Hela yenu iliondoka mia nne mia nne. Kila mlipoisalimia, ilitozwa mia nne ya kuitika."

"Uongo!" alisema mtu. "Salamu inalipiwa?"

"Ya benki inalipiwa. Nina tarehe na saa. Naanza na nyumba yangu." Alifungua daftari. Sauti yake haikutetemeka, ingawa alikuwa ameomba itetemeke kidogo watu wamwonee huruma. "Nyumba ya Makarius na Esteri, mara arobaini na tatu. Mimi mhazini sikugusa simu hata siku moja, mnajua. Hizo ni elfu kumi na saba na mia mbili."

Vichwa vikageuka kwenye banda la mbuzi. Makarius akaangalia goti lake.

Akasoma nyumba zote. Kila jina lilipotajwa, mwenye jina alijaribu kucheka, akakuta hakuna wa kucheka naye. Alipofika kwa mwenyekiti akasoma ile Jumamosi saa kwa saa, na alipofika mara ya kumi na saba mke wa Niyomwungere akasema, "Ndiyo maana siku ile hukula!"

"Nilikuwa nalinda hela ya marehemu!" alisema Niyomwungere. "Niliona inapungua! Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza, mwenyekiti. Tunasali benchi moja."

Mnunuzi wa mjini aliuliza kama biashara ipo au haipo. Akaambiwa aende zake.

"Bado moja," alisema Winifrida katibu, ambaye hakuacha kitu kipite. "Aliyebonyeza moja ni nani? Aliyetuingiza kwenye deni? Si una tarehe na saa?"

Esteri alikuwa nayo. Ilikuwa mbele ya macho yake, mstari wa chini wa ukurasa. Kule nyuma Makarius alikuwa ameacha kusugua goti. Mkono umekaa tu hapo juu yake.

"Barua inasema kosa ni la benki," alisema Esteri. "Tusibishane na muhuri." Akafunga daftari.

Watu wakaanza kupiga hesabu za wenzao. Ndipo Makarius akasimama, akachechemea mpaka mezani, akatoa mfukoni alichokuwa nacho, akakiweka juu ya kitenge cha cherehani.

"Arobaini na tatu ni zangu," alisema. "Hii ni elfu sita. Iliyobaki nitauza jogoo."

"Jogoo ameshauzwa," alisema Esteri.

Uwanja mzima ulicheka, na cheko hilo likafungua mifuko. Si wote. Mmoja alisema zake zilikuwa kumi na nne tu za adabu, asihesabiwe na walafi. Mwingine aliondoka akidai mtoto anaumwa. Lakini wengine walikuja mezani mmoja mmoja, na waliokosa waliandikwa kulipa msimu wa maharage. Niyomwungere alilipa nusu ya zake kwa noti, na nusu kwa kubeba cherehani kichwani mpaka kwa Esteri, mchana kweupe, kwa njia ile ile ya Jumanne. Watu walipomuuliza anapeleka wapi, aliwajibu kwamba anairudisha kwa mwenyewe.

Makarius ndiye aliyefunga miguu ya chuma kwenye meza yake. Alifunga kila skrubu mara mbili. Esteri akatoa sindano mpya kwenye kopo, akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha ile sketi ya mtoto wa watu ambayo bado ilikuwa imeshonwa upande mmoja.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa nakukorogea uji."

Makarius alikaa kwenye benchi la mlangoni. "Ulijua tangu Kasulu?"

"Tangu Kasulu."

"Simu iliandika salio halitoshi. Bonyeza moja uvuke. Nikabonyeza. Ikaniletea kiwango chako ni laki moja, nikadhani ndiyo salio. Nikapiga magoti pale pale. Nikasema asante Mungu, amerudisha."

"Nani amerudisha?"

Nje mbuzi walikuwa wanagombania maganda ya mihogo.

"Makarius. Mara arobaini na tatu. Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Nilikuwa natafuta isiwe wewe," alisema. "Kila nikiangalia naomba nikute haijapungua, ili isiwe wewe."

"Na kila ukiangalia imepungua."

"Imepungua."

Esteri alilamba uzi, akautunga kwenye sindano mara ya kwanza tu, akashusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa.

"Mimi nilikuwa jikoni, hatua saba kutoka ulipokaa," alisema. "Kuniuliza mimi ilikuwa bure, bila mia nne." Akakanyaga, cherehani ikaanza.